Dawa ya Lebo

Kuanzia Mwamapalala hadi Lamadi, nenda ukaulize, hakuna lebo ya kaseti ya gemu niliyoibandika mimi Mashimba ikabanduka. Nasema hakuna. Hiyo kaseti unaweza kuianika juu ya bati saa saba mchana, mwezi wa saba, ukampa na ng'ombe ailambe: lebo itabaki pale pale kama jina lako kwenye cheti cha ubatizo. Na mtu akikwambia vinginevyo, mwambie kwanza aonyeshe cheti chake cha kidato cha nne, ndipo tuanze kuongea.

Changu ninacho. Kina divisheni ambayo haikuhusu.

Basi, nianze na Mama Felisita, mama yangu mdogo, kwa sababu banda lilikuwa lake na balaa nusura liwe lake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, pamba ilipoachiwa kila mwenye mizani na lori. Wanunuzi walikimbizana vijijini kama fisi na mzoga, na watu wakarudi kutoka Mwanza na vitu ambavyo hata majina yake hatukuwa nayo. Huyu na redio yenye taa zinazochezacheza, yule na miwani ya jua anayoivaa hadi ndani ya nyumba. Mama Felisita, mjane aliyelima pamba yake mwenyewe, akarudi na televisheni, jenereta dogo linalokohoa, mashine ya gemu, na mfuko wa rambo uliojaa kaseti. Shemeji zake wakasema amechanganyikiwa. Akajenga banda la mabati kwenye kona ya uwanja wa mnada, pale kila mtu anapopita akitoka kuuza ng'ombe, na kabla msimu haujaisha shemeji zake hao hao walikuwa wamepanga foleni kucheza gemu ya mpira.

Mimi nilikuwa msimamizi, fundi, mtangazaji na mkalimani wa Kiingereza. Minza, binti yake, alikuwa mchezaji bora kuliko wote. Hilo nalikubali kwa sababu halifichiki.

Sasa, kaseti ya gemu, kwa asiyejua, ni kidubwasha cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unakichomeka kwenye mashine, picha inatokea. Zote zinafanana. Kinachozitofautisha ni lebo, kile kikaratasi chenye picha usoni mwake. Wateja wetu wengi walitoka machungani. Hawakuwa na haja na maandishi. Walikuwa wanaonyesha kwa kidole: "Nipe yenye mtu wa pikipiki." "Mimi nataka ya vifaru." Lebo ikibanduka, ugomvi unaanza.

"Kaseti bila lebo ni ng'ombe bila chapa," Mama Felisita alikuwa akisema. "Kila mtu atasema ni wa kwake."

Na zilikuwa zinabanduka. Joto la bati juu, joto la mashine chini, katikati jasho la viganja vilivyotoka kushika mkia wa ng'ombe. Pembe ya lebo inaanza kujikunja taratibu kama jani la tumbaku, halafu mtoto wa mtu anaikwangua kwa ukucha, basi tena. Hapo ndipo nilipojipatia cheo. Nilikuwa naitoa lebo yote kwa mvuke wa birika, napangusa mgongo wake kwa mafuta ya taa, nainyoosha chini ya Biblia ya Mama Felisita, kisha naibandika upya. Sifa zangu zikaenea hadi Meatu. Mzee mmoja alitoka Lingeka kwa baiskeli kuniletea kaseti yake. Ilikuwa ya redio, ya kwaya, utepe umetoka nje kama utumbo wa kuku. Lakini alitoka Lingeka, hilo ndilo la kuandika.

Tatizo lilikuwa gundi. Gundi ya dukani ilikuwa maji yaliyopakwa rangi. Nikajaribu uji wa muhogo, ule tuliokuwa tunabandikia tiara shuleni. Ulishika vizuri sana. Ulishika mpaka mende walipogundua kuwa nimewapikia.

Msimu uliofuata akaja Kasmiri. Kasmiri alikuwa mfanyabiashara mwenye tumbo la kutangulia na televisheni kubwa kuliko yetu, naye akajenga banda lake la gemu ng'ambo ya uwanja, tukatazamana. Mnada mmoja haukutosha mabanda mawili. Leo anapiga muziki kutuzidi, kesho Mama Felisita anatoa karanga za bure. Mwishowe viongozi wa mnada walichoka makelele. Wakasema: shindaneni kama wacheza ngoma, anayeshindwa avunje banda lake ahame uwanja. Mkataba ukaishia hapo, mbele ya watu, kwa kupeana mikono.

Ikakubaliwa gemu ya pikipiki, ambayo kaseti yake tulikuwa nayo sisi peke yetu. Minza atachezea banda letu. Kasmiri alimleta kijana kutoka Lamadi, Marcelo, wa ukoo wa wauza samaki, ambaye ilisemekana vidole vyake vinakwenda kama dagaa kwenye karai. Kasmiri akaweka sharti moja tu.

"Kaseti iwe na sura yake," alisema, kidole juu. "Lebo nzima, mtu wa pikipiki aonekane. Nisije nikachezeshewa kaseti ya kubumba. Ikija bila lebo, nahesabu mmeshindwa."

"Kwa lebo umefika," nikamjibu. "Fundi wake yuko mbele yako."

Mama Felisita hakucheka. Aliniangalia, macho yake mekundu kwa moshi wa jenereta kama kawaida, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mashimba, mwanangu. Banda hili likivunjwa, mimi narudi kuomba chumvi kwa shemeji zangu. Umenisikia?"

"Mama, lala usingizi."

Usiku wa kuamkia shindano, yeye sijui kama alilala. Mimi sikulala. Nilijigeuza kitandani kama chapati, na kabla jogoo hajajisafisha koo nilikuwa nimeshafungua banda kuiangalia ile kaseti. Mtu wa pikipiki alikuwa sakafuni, kifudifudi. Mende walikuwa wanamaliza uji.

Nikakaa. Nikasimama. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Duka la gundi lilikuwa bado limefungwa, na hata lingefunguliwa lingenisaidia nini? Nikazunguka uwanja mzima nikiwa nimeshika lebo kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota bawa la kipepeo, hadi nikajikuta mbele ya ua wa Bibi Nyanjige, bibi muuza maziwa wa nyuma ya mnada. Ua wenyewe ni wa minyaa, kama maboma mengi ya kwetu. Unaujua mnyaa: hauna majani ya maana, vijiti vya kijani tu, na ukivunja kimoja utomvu mweupe unachuruzika. Ukikushika mkononi, unanata mpaka wiki inakatika. Ukikuingia machoni, utaita ukoo wako wote kwa majina. Mtoto yeyote aliyechunga mbuzi anajua.

Nikasema, Mashimba, elimu ndiyo hii.

Palikuwa na kopo tupu limening'inizwa kwenye nguzo ya lango, kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mtoto mchanga mnene. Nikaliazima. Nikavunja vijiti, nikakinga, nikavunja vingine, nikawa najiimbia wimbo kidogo wa kujipa moyo, ambao hauhusu hadithi hii. Hakuna aliyeniona. Labda mbuzi.

Lebo ilishika! Mtu wa pikipiki alilala usoni pa kaseti kama alizaliwa pale. Utomvu kidogo ulitoka pembezoni, nikaupangusa kwa kidole, kidole kikawa cheusi, nikakipaka majivu. Ndipo Minza akaingia bandani akipiga miayo.

"Kaka Mashimba, hicho nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya lebo. Kuna dawa ya viatu, kuna dawa ya meno, hii ni dawa ya lebo. Ya Kijapani."

Akachungulia kopo. "Mbona nyeupe kama maziwa?"

"Wajapani ni watu wasafi. Sasa sikiliza. Kaseti ishike pembeni, hivi. Usiguse lebo. Na ukiigusa kwa bahati mbaya, usijiguse macho."

"Kwa nini?"

"Minza, unataka kushinda au unataka kufanya mtihani wa kemia?"

Akanyamaza. Minza huwa ananyamaza kwa namna ya mtu anayeweka maneno akiba yamfae baadaye.

Kufikia jua la utosini uwanja ulikuwa umefurika. Ng'ombe walisahauliwa kwenye kamba. Televisheni ilitolewa nje ikawekwa juu ya meza, turubai juu yake, watu mduara, wengine juu ya malori ya pamba. Ilikuwa miezi ya ngoma, ile miezi baada ya mavuno ambapo Bagika na Bagalu, vile vyama vyetu viwili vya wachezaji, wanashindana uwanja kwa uwanja nani atavuta watu wengi. Kwa hiyo watu walikuja kama wanavyokuja ngomani. Wenye filimbi na filimbi zao, wenye njuga na njuga zao. Na kama ngomani, kila mtu alikuwa anaangalia pia kile kisichoonekana. Kwetu mcheza ngoma hashindi kwa miguu peke yake. Ana samba, dawa ya kuvuta watu na kumlegeza mpinzani, ameifukia uwanjani au ameificha mwilini, na wa upande wa pili hagusi kitu cha mwenzake hata akifa kiu.

Mimi nilikuwa natangaza, nikitembea huku na huku.

"Wageni wetu kutoka ziwani, mwadila, salamu kwenu! Marcelo, karibu. Tumeshajua umefika, upepo umetuletea harufu."

"Na wewe nimekujua," Marcelo akajibu, kijana mrefu wa shingo, mcheshi kupita matarajio yangu. "Nimesikia ng'ombe wanalia, nikasema lazima Mashimba anatangaza."

Watu wakacheka upande wake. Nikaona nimepoteza pointi, nikamfungulia njia.

"Kaseti kwanza niione," Kasmiri akasema. "Marcelo, kagua."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sisi tulikuwa tumekubaliana lebo ionekane, hatukusema itapapaswa. Minza aliitoa kaseti ameishika kwa ncha za vidole, pembeni, kama nilivyomfundisha, akampa. Marcelo akaichukua kwa kiganja kizima. Akamsugua mtu wa pikipiki kwa dole gumba, mara ya kwanza, mara ya pili, akijaribu kama atabanduka. Hakubanduka. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Akapuliza meno ya kaseti, akaichomeka.

Na jua lilivyokuwa linawaka, akajifuta jasho usoni.

Mbio zikaanza. Minza hasemi akicheza, hata kope hapepesi. Marcelo alimpita kwenye kona ya kwanza, watu wa Kasmiri wakapuliza filimbi. Kisha nikamwona anakunja jicho moja. Akakunja la pili. Akatikisa kichwa kama ng'ombe aliyeingiwa na nzi. Pikipiki yake ikaingia ukutani, ikalipuka, na Marcelo akaitupa pedi ya kuchezea chini akashika uso kwa mikono yote miwili. Kosa kubwa, maana ndiyo mikono yenyewe.

"Macho! Macho yangu! Nachomwa!"

Kasmiri hakupoteza hata pumzi. "Samba! Mwanamke huyu ameweka samba kwenye kaseti!"

Nimewahi kuona uwanja ukimwachia nyoka nafasi. Ulifanya hivyo hivyo. Duara likapanuka, watu wakirudi nyuma mbali na ile meza, na katikati akabaki Mama Felisita, mkono mmoja kwenye swichi ya jenereta, na yale macho yake mekundu ya moshi. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Mtazame macho." Kwetu maneno hayo hayasemwi kwa mzaha: macho mekundu ni ya mchawi. Mjane, ana mali, ana macho mekundu. Wapo waliohesabiwa hayo matatu hawakuzeeka.

Ndipo akaingia Maduhu, kamanda wa sungusungu, upinde begani. Maduhu ni mtu wa taratibu. Hata mwizi wa kuku anamuuliza kwanza kama amekula. Lakini sungusungu wakikutenga umetengwa: hupewi moto, hupewi maji, husalimiwi, na banda lako linatoka uwanjani jioni hiyo hiyo.

"Mwadila, mayu," akamsalimia Mama Felisita kwa heshima ya mama.

"Mwadila."

"Umeweka dawa?"

"Sijaweka kitu, kamanda. Mimi ni Mkatoliki."

"Mbona binti yako aliishika kaseti kwa kucha?" Kasmiri akadakia. "Watu wote mmeona! Mwenye dawa yake hujua pa kushika!"

Guno likapita uwanjani. Maduhu akamgeukia Minza. "Mwanangu, kwa nini uliishika hivyo?"

Minza akaniangalia. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena. Nadhani nilikonyeza vibaya.

"Kaka Mashimba aliniambia nisiguse lebo," akasema, na machozi yalikuwa yameshamjaa. "Alisema ameweka dawa."

Dawa. Neno likaenda mdomo kwa mdomo hadi juu ya malori, kila lilipofika linaongezeka uzito. Nikaruka mbele kabla halijarudi.

"Dawa ya lebo! Jamani! Kama dawa ya viatu! Gundi! Ni gundi ya Kijapani, ya kisasa, haina uhusiano na mambo ya porini!"

"Dawa ya viatu ina kopo," Maduhu akasema taratibu. "Hiyo ya kwako ina kopo?"

"Tena zuri, lenye maandishi!"

"Lilete."

Sasa hapo, msomaji, wewe ungesema ukweli. Najua. Wewe ni mtu mzuri. Mimi nilikuwa nimeshautangazia mnada mzima kwamba gundi yangu inatoka Japani, Kasmiri yuko pale, Marcelo analia pale, na utomvu wenyewe nimeuazima kwenye ua wa watu. Nikaingia bandani. Nikazunguka. Nikagonga kichwa kwenye bati. Kopo lilikuwa chini ya meza, na yule mtoto mnene ananichekea.

Wazo likanijia, na ninaomba lihukumiwe kama wazo. Kaseti ya vifaru ilikuwa na lebo yenye maandishi mengi ya Kijapani, ambayo nilikuwa nimeibandika wiki ile ile. Nikaivuta. Ilikuja yenyewe, haikunisumbua hata kidogo, jambo ambalo sikupata nafasi ya kulitafakari. Nikaichovya mgongo kwenye utomvu, nikaigandamiza juu ya uso wa mtoto mnene, nikaipuliza, nikatoka nje kifua mbele.

"Hili hapa."

Maduhu akalipokea kopo kwa mikono miwili, kama mzee anavyopokea kitu. Akaligeuza. "Inasemaje hii?"

"Kijapani hicho, kamanda."

"Nimeona. Nauliza inasemaje. Wewe si ndiye msomi?"

"Inasema... gundi. Ya kiwango. Weka mbali na watoto."

Maneno "na watoto" yalikuwa bado mdomoni lebo ilipojikunja pembe moja. Nikaiona. Nikaitazama kwa nguvu, kama mtu anayemwomba mgeni asiinuke. Ikajikunja pembe ya pili, ikateleza, ikaanguka kwenye vumbi miguuni pa kamanda. Mtoto mnene akatokea, anacheka.

Maduhu akamtazama mtoto. Akanitazama mimi.

"Na huyu," akasema, "ndiye Mjapani mwenyewe?"

Juu ya malori walicheka. Chini hawakucheka, na kile kicheko kikafa haraka, kwa sababu uongo ukishaonekana watu huuliza unaficha nini. Kasmiri aliuliza kwa sauti. "Mnaona? Gundi gani inafichwa? Hiyo ni dawa ya huyo mama, kijana ametumwa tu!"

Mama Felisita alikuwa ameachia swichi. Aliniangalia mimi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya mkataba.

"Mashimba, mwanangu. Uliweka nini pale?"

Na hapa naomba nieleweke vizuri, maana yamesemwa mengi. Nilikuwa nasema. Maneno yalikuwa yameshapanda hadi kooni, nilikuwa nimeshapiga hatua kwenda mbele, mbele kabisa, niseme mbele ya watu wote kwamba ni mimi, kisigino changu kikagonga kitu kikalia kang'! na baridi ikaniingia kiatuni.

"Wewe! Unarudi nyuma nyuma unakwenda wapi? Umenimwagia maziwa!"

Bibi Nyanjige. Alikuwa nyuma yangu, hatua moja kutoka lori la Lamadi ambalo, kwa bahati tu, mlango wake ulikuwa wazi. Ndoo yake ilikuwa imelala, maziwa yanakimbia mavumbini, na mimi mguu mmoja ndani yake.

"Bibi, nilikuwa nakwenda mbele."

"Kwa kisigino?"

Akainama ainue ndoo, akainuka nayo, macho yake yakaenda moja kwa moja hadi mikononi mwa Maduhu.

"Kopo langu!"

"Lako, bibi?" Maduhu akauliza.

"La kupimia maziwa! Limekuwa langoni kwangu tangu msimu uliopita. Leo nimepimia watu kwa kikombe cha chai, wananiambia nawapunja." Akalichukua, akalinusa, akalitoa puani haraka. Kisha akamsogelea Marcelo, ambaye alikuwa amekaa chini akitoa machozi na kamasi, akamwinua kidevu, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili. "Nani amemtia mtoto huyu mnyaa machoni?"

"Ni samba, bibi," Kasmiri akasema.

"Samba gani! Ukiwa na mjukuu anayechunga mbuzi utayaona macho kama haya kila kiangazi. Leteni maji, mengi, mmwagie. Na wewe acha kujisugua, mikono yenyewe ndiyo imekuponza! Mnyaa tu huu. Kama mnataka kujua umetoka wapi, njooni muone ua wangu. Umekamuliwa."

"Umekamuliwa?" Maduhu akauliza.

"Kama ng'ombe! Vijiti vimevunjwa toka langoni hadi kwenye zizi. Alfajiri nimetoka kujisaidia, nakuta mtu amechuchumaa anaukamua ua wangu kwenye kopo langu. Nikasema nimkemee, nikaona hapana, ni kichaa, maana alikuwa anauimbia."

Maduhu alisogea mbele yangu. Hakuinua sauti.

"Onyesha mikono."

Nikasema mikono yangu ni ya fundi, ina mambo mengi. Akasema onyesha tu. Nikaionyesha. Vidole vilikuwa vyeusi hadi fundo la pili, utomvu umeganda na majivu juu yake, na katikati ya kiganja cha kulia, imenata vizuri sana, pembe moja ya lebo ya vifaru. Hiyo ndiyo haikubanduka.

Maduhu akageukia uwanja. "Hapa hamna samba. Hapa kuna ua, na kuna mpumbavu. Banda la mama huyu halisogei. Kijana akipona macho, mbio zirudiwe, na kaseti iwe na lebo au isiwe nayo, ni ile ile." Kasmiri akafungua mdomo. "Nimemaliza," Maduhu akasema, na Kasmiri akaufunga.

Mama Felisita alikaa kwenye kibao cha wateja kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe. Alikaa tu, mikono mapajani. Minza alikuwa anammwagia Marcelo maji kwa kata, naye Marcelo, jicho moja limefunguka kidogo, akaanza kucheka na kukohoa kwa pamoja. Nikaona hewa imekuwa nyepesi, nikaona ni wakati wa kuokoa kilichobaki.

"Ndugu wananchi," nikasema, "Bibi ameona mtu gizagiza, alfajiri. Mtu yeyote. Kusema ni mimi..."

"Niimbe ule wimbo?" Bibi Nyanjige akauliza.

"Bibi, hapana, wimbo hauhusu..."

Lakini alikuwa ameshalipindua lile kopo kifudifudi na kuanza kuligonga kwa vidole, na alikuwa na sauti, bibi yule, sauti ya mtu aliyewahi kuongoza ngoma.

"Nani kabandika?"

Akasubiri.

"Alikuwa anajijibu mwenyewe," akawaeleza. "Alikuwa anasema: Mashimba! Halafu anauliza: Nani kabandua? Anajijibu: Hakuna!"

"Tena, bibi!" mtu wa juu ya lori akapiga kelele.

"Nani kabandika?"

"Mashimba!" malori yakaitika.

"Nani kabandua?"

Na hapo ndipo Minza, kata mkononi, bila hata kugeuka kunitazama, alipojibu kabla ya watu wote, kwa sauti ya juu kabisa:

"Mashimba!"